Maziwa ya Tarehe Mosi

Chumba Na. 6,
Nyuma ya Duka la Vioo,
S.L.P. 418.
Jumapili, 10 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, tena shikamoo za wiki zote nilizokaa kimya, uzipokee kwa pamoja. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia linakupa habari ya mvua kabla ya redio. Na shemeji, kile kifua kimepoa au bado anabishana na daktari? Natumaini nyote mna afya na nyumba ina kelele kama kawaida. Mimi, ukiuliza mwili, sijambo. Kikohozi cha Juni kiliondoka bila kuaga. Ukiuliza zaidi ya mwili, basi vuta kiti, kwa sababu barua hii ni ndefu.

Barua yako niliipata tarehe 12 Julai. Uliandika: "Umeoa kimyakimya au umekufa kimyakimya? Nijulishe, nijue nivae nini." Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Sijaoa, Dada, na kufa bado. Nilikuwa na jambo lililonifunga mdomo, na sikutaka kukuandikia habari nusu.

Chumba changu ni kilekile. Kitanda, meza, jiko la gesi la plati moja, na vikombe viwili. Cha pili sijui nilikinunua kwa ajili ya nani. Tangu wifi yako atutoke, mwaka wa tatu huu, nimezoea mengi, lakini sijazoea kurudi jioni nikakuta kila kitu pale pale nilipokiacha asubuhi. Hata kijiko hakijasogea.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwa hiyo nikueleze kidogo, la sivyo hutanielewa mbele. Hapa ni kituo cha kukusanya maziwa. Wafugaji huleta asubuhi na jioni. Chini, penye lango, kuna mizani, na mizani imeunganishwa na kompyuta ndogo. Mfugaji akimimina, kompyuta inamchapia risiti, na papo hapo lita zake zinapelekwa kwa mtandao kwenye programu ya hesabu. Mimi niko juu, ghorofa ya kwanza, natazama zinavyoingia. Mwisho wa mwezi mfugaji analipwa kwa lita zilizomo ndani ya programu. Kilichomo ndicho kilichokuja. Kisichomo hakikuja.

Mpokeaji wa maziwa ni mama mmoja wa makamo, wote wanamwita Mama Mizani. Anafungua lango saa kumi na moja alfajiri. Mimi naingia saa mbili. Tangu wiki yangu ya kwanza hapa, Aprili, kila akisikia viatu vyangu kwenye ngazi alikuwa anapaza sauti kutoka chini:

"Bwana Kalamu! Umeamka au umeamshwa?"

Nami najibu, "Nimeamka mwenyewe!"

"Nani akuamshe, na huna hata jogoo!"

Basi, ndiyo hiyo. Kuna siku maneno hayo ndiyo yote niliyoambiwa na binadamu mpaka kesho yake. Katika shajara yangu nimeyaandika mara nyingi. Najua ni kichekesho, mtu mzima kuandika salamu kama tukio, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba shajara haidanganywi.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe mosi Mei nilifungua programu nikakuta alama nyekundu. Maziwa ya alfajiri ya watu ishirini na watatu yalikuwa hayajaingia. Nikabonyeza, ikaniandikia: "Hitilafu isiyotarajiwa imetokea. Tafadhali jaribu tena baadaye." Nikajaribu baadaye. Nikajaribu baadaye ya baadaye. Meneja akasema ni mtandao, akawalipa wale watu kwa mkono, yakaisha.

Tarehe mosi Juni, hitilafu ileile. Tarehe mosi Julai, ileile. Kufikia hapo, Dada, ni nani ambaye alikuwa bado haitarajii hitilafu hiyo? Mimi niliitarajia kama mtu anayesubiri mgeni anayemdai.

Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja wa hiyo programu. Huwaoni wala huwasikii, mnaandikiana tu. Mhudumu akaniambia nitoke kisha niingie tena. Nimetoka na kuingia kuliko kuku wa jikoni. Akaniambia nifute kumbukumbu za kivinjari. Nikafuta, nikapoteza na nenosiri. Akaniambia nijaribu kompyuta nyingine, nikaazima ya meneja. Nikajaribu pia kuingiza lita kwa mkono, moja moja, kwa kufuata risiti: hitilafu isiyotarajiwa. Mwisho mhudumu akaandika, "Je, kuna jambo jingine naweza kukusaidia?" Nilikaa nikaitazama hiyo sentensi. Vidole vilikuwa tayari kuandika kwamba ndiyo, lipo, keti kidogo tuzungumze. Nikaandika, "Hapana, ahsante."

Safari hii meneja hakutaja mtandao. Alitaka ripoti ya maandishi, na ripoti, unanijua, ndiyo mchezo wangu. Niliketi nayo siku mbili. Niliandika kwamba risiti ishirini na tatu hazina kumbukumbu. Niliandika kwamba risiti hizo zimechapwa na kompyuta ya mizani. Niliandika kwamba majina ni yaleyale kila mwezi. Kisha nikaongeza, kwa sababu niliona ni ukweli na ukweli hauachwi: "Wengi wao ni majirani wa mpokeaji."

Hakuna neno hata moja la uongo humo. Tarehe 8 Julai meneja alimwita Mama Mizani, akamwambia akae nyumbani. Tarehe mosi Agosti ipite bila yeye, na kama chanzo kitakuwa bado hakijajulikana, asirudi tena. Kwa lugha nyingine, alishukiwa kwamba anawachapia majirani zake risiti za maziwa hewa.

Nilimwona dirishani akitoka. Alivua aproni ya plastiki, akaisuuza, akaitundika. Hakutazama juu. Kesho yake nilipanda ngazi na viatu vyangu nikavisikia mwenyewe.

Nilijisemea kwamba mimi sikumshitaki mtu. Niliandika namba tu. Siku tatu nilijisemea hivyo, na siku ya nne sikuweza tena. Mama anayefungua lango alfajiri, mvua, baridi, miaka kumi na moja, mimi nilimtilia shaka kwa karatasi bila kushuka kumuuliza hata swali moja. Hiyo ndiyo sababu barua yako ilikaa mezani bila jibu. Ningekuandikia nini? Kwamba mdogo wako ni hodari wa ripoti?

Julai yote nilitafuta. Nilirudi kwenye shajara, nikapanga tarehe kwa mistari. Ni tarehe mosi tu. Ni alfajiri tu, kabla ya saa kumi na mbili. Waliochelewa kitandani wakaja saa moja, maziwa yao yameingia salama salimini. Wanaopotea ni wale wa mapema. Na wa mapema ni majirani wa Mama Mizani kwa sababu nyepesi kabisa: wanaongozana naye njiani akija kufungua lango. Hilo tu. Mtoto angeliona. Mimi nililiona majuma mawili baada ya kumwondoa kazini.

Ijumaa tarehe mosi Agosti nilifika saa kumi na moja kasoro. Kwenye mizani walikuwa wamemweka dereva wa lori la maziwa, mtu wa maneno.

"Heee! Mhasibu ameshuka mbinguni! Leo dunia inaisha?"

"Nimekuja kutazama."

"Tazama bwana, kutazama bure. Ila ukisimama hapo utalowa."

Wafugaji nao hawakuniacha. Mama mmoja mwenye madumu mawili alimimina bila kunisalimu, kisha akamuuliza dereva, lakini kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mwenye mizani yake atarudi lini? Au mpaka ng'ombe nao waandikiwe ripoti?" Nikainama nikatazama viatu.

Alama nyekundu zikaanza kwenye kompyuta ya mizani. Moja, mbili, tatu. Mama Mizani yuko kwake, na hitilafu iko hapa inaendelea na kazi. Basi kwa upande wake ilitosha, ningeweza kupanda kwa meneja muda huohuo. Lakini nilitaka kujua. Nikamwomba yule mama risiti yake, akanipa kama anayempa mbwa mfupa. Ilisema 11:05. Ni sahihi, ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano. Lita kumi na sita, sahihi. Nikasoma tena kutoka juu, taratibu, herufi kwa herufi, kama tulivyokuwa tunasomeshwa. Tarehe: 31 Julai.

Dada, leo ni mosi.

Nikazikusanya za wengine. Zote 31 Julai. Ilipogonga saa kumi na mbili kamili, risiti iliyofuata ikaandika 1 Agosti, na lita zake zikaingia bila shida.

Hapo nilipanda mbio, nikafungua sehemu ya mipangilio ya programu ambayo sikuwahi kuigusa, kwa kuwa niliikuta imepangwa. Palipoandikwa kuchagua saa za nchi, ambazo risiti nazo huzifuata, pamechaguliwa mji mmoja ng'ambo ya bahari ambao hakuna hapa aliyewahi kuukanyaga. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa sita. Kukiwa alfajiri kwetu, kwao bado ni jana.

Nikampigia mhasibu aliyekuwapo kabla yangu. Siku hizi anauza sare za shule. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ile ya saa? Bado ipo?"

"Ipo. Kwa nini ulifanya vile?"

"Sasa ningefanyaje, ndugu yangu? Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu kaja saa kumi na moja, yenyewe inamwandikia 5:05. Kuna mzee mmoja alinisukumia risiti puani: 'Saa tano? Saa tano mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe! Hii si yangu, nataka yangu!' Kila siku ugomvi. Nikatafuta nchi yenye saa za kufanana na za kwetu, nikaiweka. Ugomvi ukaisha siku hiyohiyo."

"Na tarehe je?"

"Tarehe nani anaitazama?"

Kweli, nani? Miaka mitatu maziwa ya alfajiri yamekuwa yakiandikwa ya jana, na hakuna aliyedhurika, kwa sababu mwisho wa mwezi jumla ni ileile. Nikamuuliza mwezi alikuwa anaufunga lini. Akasema, "Tarehe tano, sita, nikikumbuka."

Nilikaa chini, Dada. Mimi huufunga mwezi jioni ya siku ya mwisho, kabla sijafunga droo. Meneja alinisifu kwa hilo mbele ya watu. Na mwezi ukishafungwa, programu haipokei kitu cha mwezi huo, hata tone. Maziwa ya alfajiri ya tarehe mosi yanakuja yamevaa tarehe ya jana, yanagonga mlango nilioufunga mimi mwenyewe, na programu badala ya kusema "mlango umefungwa" inasema haikutarajia. Nikaufungua tena mwezi wa Julai, nikabonyeza jaribu tena. Alama nyekundu zote zikazimika. Nikafungua Juni, nikafungua Mei, nikafungua Aprili. Zote.

Aliyeweka saa ni mwingine, lakini kabla ya mimi kuja saa ile haikumpotezea mtu lita. Unadhifu wangu ndio ulioipa meno.

Nilimweleza meneja yote siku ileile, na sehemu yangu sikuipunguza. Alikuna kichwa, akasema, "Basi mwambie arudi." Nikamwomba ampigie yeye mwenyewe. Akapiga. Jumatatu Mama Mizani alirudi.

Sasa risiti hazina saa, zina tarehe tu, na saa anaiandika yeye kwa kalamu. Saa za nchi nimezirudisha kwetu. Mwezi nitakuwa naufunga tarehe tatu. Hayo ya mashine yamekwisha.

Lakini Jumatatu hiyo nilipanda ngazi na hakuna aliyeniita. Jumanne vilevile. Nilipopita alisema, "Habari za asubuhi, mhasibu," kama anavyosalimiwa mtu wa benki. Jumatano nilishuka, nikasubiri amalize kusuuza madumu, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi nikayasahau yote.

Hakunikatisha. Nilipomaliza akasema, "Uliandika kweli tupu. Ndicho kinachouma. Ungeandika uongo ningekuchukia nikamaliza."

Nikasema nimemwambia meneja.

"Meneja amenirudishia kazi. Jina langu nirudishiwe na nani? Pale mtaani wanasema lisemwalo lipo. Binti yangu anatumwa dukani anaulizwa, mama yako keshamaliza kuuza hayo maziwa? Wewe uko juu huko, huyasikii."

Nikamuuliza nifanye nini. Akapanga madumu. "Jumapili baada ya kukamua wanakaa uani kwangu. Kama una miguu, njoo."

Unanijua, Dada. Darasani mwalimu akitaka nisome mbele ya wenzangu nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda msalani. Jana niliazimia nimwandikie Mama Mizani barua awasomee yeye mwenyewe, nikaandika mistari minne, nikaona ndiyo ripoti nyingine ile. Nikaichana.

Leo nimekwenda. Nilikosea njia mara mbili. Uani palikuwa na watu kama thelathini, wengine kwenye benchi, wengine wamekalia madumu yaliyogeuzwa. Hakuna aliyenipa kiti, nikasimama. Mama Mizani alikuwa amekaa mwisho kabisa, anachambua mchele kwenye ungo, hainui kichwa.

Niliwaeleza. Kuhusu saa walinielewa haraka kuliko meneja. Mzee mmoja mkavu kama ukuni alisimama kabisa: "Mimi ndiye niliyegombana! Na leo nasema tena, saa tano nilikuwa nakata majani!" Watu wakacheka, hata mimi karibu nicheke. Kisha yule mama wa madumu mawili akasema, na kicheko kikafa:

"Wapo humu waliomwita mwenzetu mwizi. Neno hilo uliwaletea wewe?"

Nikasema sikuliandika neno hilo, lakini niliandika yote yaliyolizaa.

"Kwa hiyo kosa la nani? La mashine?"

"Langu."

"Sema vizuri, wa nyuma hawasikii."

Nikasema vizuri. Nikasema sikuuliza, kwa kuwa karatasi ilinitosha. Nikasema yeye hakuchapa risiti hata moja isiyo na maziwa, toka Mei mpaka leo, na atakayesema vinginevyo aje kituoni nimwonyeshe lita kwa lita.

Hakuna aliyepiga makofi, si mambo ya makofi. Watu walimgeukia yeye, si mimi. Yule mama wa madumu akaenda akakaa karibu naye, akatia mkono kwenye ungo, wakawa wanachambua wawili. Wengine wakaanza kusogea. Mmoja akasema, "Mwenzetu, tumekukosea." Mama Mizani alipangusa mikono kwa kanga, akasema, "Haya, mmesikia. Kesho lango saa kumi na moja, atakayechelewa asinilaumu." Hapo wakacheka kicheko kingine, cha watu waliokwisha kupatana.

Nikaaga. Wakaitikia. Hakunisindikiza, Dada, hata mpaka penye uzio. Nilitembea barabara yote peke yangu, na nyuma yangu nilikuwa nawasikia wanazungumza, wengi kwa mara moja, na sauti yake ikiwa katikati yao.

Nimefika hapa saa kumi na moja jioni. Nimeandika katika shajara, mistari sita. Kisha nimeona shajara haijibu, nikachukua karatasi hii.

Msalimie sana shemeji, mwambie daktari hashindwi hoja, ameze dawa. Mpe mkono wangu Mama Mdogo, na umwambie miwani nitaituma kwa mtu wa kwanza atakayekuja huko. Wale pacha wako wasalimie kila mmoja kivyake, wasije wakagawana. Na Mwalimu wa jirani, kama bado ananikumbuka.

Mungu alinde goti lako na nyumba yako, akupe usingizi mwepesi na watu wa kukuamsha. Jibu upesi, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye bila upungufu,

Kitindamimba.